Jiwe Lilianguka: Habari za Wakati Uliopita katika Kifaransa na katika Lugha Zetu

 Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa jina lake laweza kuonekana geni na kavu, nalo ni jinsi Wafaransa wanavyokigeuza kitenzi wanapoandika habari za mambo yaliyokwisha kupita. Walakini twawaomba msiondoke. Njia yetu yaanzia Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, na itaturudisha huko huko. Katikati ya njia tutaona ya kuwa jambo lililowapata Wafaransa katika lugha yao limetupata na sisi katika Kiswahili, tena laweza kuzipata lugha za mama zetu tusipoangalia.

Ivuna imejulikana kwa chumvi tangu zamani sana. Mwaka 1966 wataalamu wawili, Brian Fagan na John Yellen, walichimba mahali pa kale pa kutengenezea chumvi, wakaona ya kuwa kazi hiyo ilikuwa ikifanywa tangu karne ya 13 hivi. Udongo wenye chumvi ulichujwa kwa maji, na maji yale yakachemshwa katika vyungu hata ikabaki chumvi. Penye chumvi hapakosi wageni, na wageni huja na lugha zao. Hata leo katika Wilaya ya Momba na jirani zake wako Wanyamwanga, Wawanda na Wanyiha; na ukipanda mpaka Tunduma utasikia pia Kibemba cha watu wa Zambia, na Kiswahili cha watu wa Lubumbashi kilichochanganyika na Kifaransa, kwa kuwa malori mengi hupita hapo kwenda Kongo. Basi Kifaransa si lugha ya ng'ambo ya bahari tu. Kwa mtu wa Tunduma ni lugha ya wasafiri anaokutana nao njiani.

Lakini Ivuna ina sifa nyingine, ambayo wengi wa wenyeji hawaijui. Tarehe 16 Desemba 1938, wakati wa jioni, jiwe lilianguka huko kutoka mbinguni. Uzani wake ulikuwa gramu 705, yaani haukufika hata kilo moja. Jiwe lenyewe ni jeusi, laini, lavunjika upesi, wala mtu asiyejua asingeliokota. Walakini aina yake ni adimu mno katika dunia nzima, nayo ni ya kale kama jua letu na sayari zake. Wataalamu waliigawa jamii ya mawe meusi kama hayo katika mafungu, na fungu hili wakaliita CI, na herufi ile I ni Ivuna. Mwaka 2020 chombo cha Wajapani kilileta mchanga kutoka katika jiwe kubwa liitwalo Ryugu, lizungukalo jua kama sayari ndogo. Na wataalamu walipoupima mchanga ule, wakaukuta ni wa jamaa moja na jiwe la Ivuna.

Sasa twaja kwa Wafaransa. Kabla ya jiwe la Ivuna, mawe ya fungu hilo hilo yalikuwa yameanguka katika nchi yao mara mbili: mara ya kwanza karibu na mji wa Alais, tarehe 15 Machi 1806, na mara ya pili karibu na kijiji cha Orgueil, jioni ya tarehe 14 Mei 1864. Habari za Orgueil zilikusanywa na mtaalamu wa madini aitwaye Daubrée, ambaye alipokea barua za watu walioliona jambo hilo, na mwaka ule ule zikapigwa chapa. Mfaransa akitaka kuandika jambo la namna hiyo kwa lugha ya vitabu, ataandika hivi: *La pierre tomba.* Maana yake: jiwe lilianguka. Lakini Mfaransa yule yule akimwambia jirani yake kwa mdomo, hatasema hivyo. Atasema: *La pierre est tombée.* Mambo ni yale yale, jiwe ni lile lile, bali kitenzi kimebadilika kwa sababu kimoja ni cha karatasi na kingine ni cha mdomo.

Wakati huu wa karatasi Wafaransa huuita *passé simple*, yaani wakati uliopita ulio wa neno moja tu. Sisi leo tutauita wakati wa vitabu. Ule wa mdomo huitwa *passé composé*, yaani wakati uliopita ulioungwa kwa maneno mawili; nasi tutauita wakati wa mazungumzo.

Tukitazame kitenzi *tomber*, kuanguka, katika wakati wa vitabu:

*je tombai* – mimi nilianguka
*tu tombas* – wewe ulianguka
*il tomba* – yeye alianguka
*nous tombâmes* – sisi tulianguka
*vous tombâtes* – ninyi mlianguka
*ils tombèrent* – wao walianguka

Mwanafunzi wa Kiswahili ataona mara moja tofauti iliyopo. Sisi twabadilisha mwanzo wa kitenzi: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Wao hubadilisha mwisho wake. Vitenzi vyote vyenye mwisho wa *-er* hufuata mfano huu, navyo ndivyo vilivyo vingi. Fungu la pili lina sauti ya *i*: *il finit*, alimaliza, *ils finirent*, walimaliza. Fungu la tatu lina sauti ya *u*: *il courut*, alikimbia, *ils coururent*, walikimbia. Fungu la nne ni dogo, ni *venir*, kuja, na *tenir*, kushika, pamoja na vitenzi vilivyozaliwa navyo: *il vint*, alikuja, *ils vinrent*, walikuja. Viko na vingine vinavyogeuka hata sura yake ya kwanza haionekani. *Être*, kuwa, chageuka kuwa *il fut*. *Avoir*, kuwa na kitu, *il eut*. *Faire*, kufanya, *il fit*. *Voir*, kuona, *il vit*. Na hapa pana mtego, kwa maana *il vit* yaweza kuwa pia "yeye anaishi". Msomaji hutambua kwa maneno yaliyotangulia na yafuatayo.

Kwa nini waandishi waupende wakati wenye taabu kama huo? Kwa sababu una kazi yake. Huonyesha tendo moja lililotendeka likaisha, na baada yake tendo jingine, na jingine, kama shanga katika uzi. Tutoe mfano wetu wenyewe: *La pierre tomba. Les gens coururent, virent un trou, prirent la pierre et revinrent.* Kwa Kiswahili: "Jiwe lilianguka. Watu wakakimbia, wakaona shimo, wakalichukua jiwe, wakarudi."

Mmesikia tulivyosema? Hatukusema "watu walikimbia, waliona shimo, walilichukua jiwe, walirudi." Kusema hivyo ni kama kuhesabu magunia: hili moja, hili la pili, hili la tatu. Ni -ka- ndiyo inayoifanya hadithi itembee. -li- hufungua mlango mara moja, kisha -ka- huingiza mambo yote kwa utaratibu wake. Basi kazi ambayo Mfaransa huifanya kwa *coururent* na *virent*, sisi twaifanya kwa "wakakimbia" na "wakaona". Tena, Mfaransa akitaka kuonyesha jambo lililokuwa likiendelea wakati jingine lilipotokea, hutumia wakati mwingine kabisa: *Les femmes faisaient bouillir l'eau salée, une pierre tomba.* Nasi twasema: "Wanawake walikuwa wakichemsha maji ya chumvi, mara jiwe likaanguka." Kuchemsha ni uwanja, kuanguka ni tukio. Mwanafunzi akiielewa tofauti hii katika lugha yake mwenyewe, sarufi ya Kifaransa haitamtisha.

Lakini tofauti kubwa iko hapa: -ka- yetu ingali hai vinywani. Bibi aitumia akisimulia habari za sungura na fisi, na kijana aitumia akisimulia mchezo wa mpira. Wakati wa vitabu wa Wafaransa umetoka vinywani mwa wengi wao. Yafaa tujue ulitokaje.

Kifaransa ni mtoto wa Kilatini. Warumi walisema *cantavi*, niliimba, na kwa kupita miaka neno hilo likawa *je chantai*. Huo ndio ukoo wa wakati wa vitabu. Lakini Warumi wa siku za mwisho walizoea pia kusema kama kwamba "ninalo jambo lililotendwa", na kutoka hapo likazaliwa umbo la pili, *j'ai chanté*. Mwanzoni maumbo haya mawili yaliishi pamoja kwa amani. La kwanza lilikuwa la mambo yaliyokwisha kukatika na kwenda zake. La pili lilikuwa la mambo ambayo athari yake ingalipo, kama vile sisi tunavyopambanua "alikuja" na "amekuja".

Katika karne ya 16 na ya 17 wanasarufi walitaka kuweka mpaka. Wakasema ya kwamba wakati wa neno moja haufai kwa jambo la leo. Lazima usiku uwe umepita katikati. Mwaka 1637 mshairi Corneille alitoa mchezo wake uitwao Le Cid, ukapendwa na watu wengi. Akademia ya Ufaransa, iliyoundwa miaka miwili kabla yake ili kuitunza lugha, ikatoa hukumu yake. Miongoni mwa makosa iliyoyaona, mtu mmoja katika mchezo alikuwa ametumia wakati wa neno moja kwa tusi alilolifanya siku ile ile. Akademia ikasema ya kuwa hapakupita usiku kati ya tusi na maneno hayo. Basi ilipasa kutumia umbo la pili.

Mtu wa mjini huenda akacheka akisikia wakubwa wa nchi wakibishana juu ya usiku mmoja katika kitenzi. Mzee wa pande zetu hawezi kucheka. Lugha nyingi za ndugu zetu hupambanua mambo hayo kila siku bila kufundishwa na Akademia yo yote. Kibemba kina umbo la jambo la punde hivi, umbo la jambo la leo, umbo la jambo la jana, na umbo la jambo la kale kuliko jana. Mtoto wa miaka mitano huyajua yote, wala hakuyasoma. Sheria waliyoitafuta wenye elimu wa Paris katika karne ya 17, wavuvi na wakulima wa bara hii walikuwa nayo katika ulimi.

Ufaransani sheria ile haikuweza kuuzuia mto. Umbo la maneno mawili lilizidi kula nafasi ya ndugu yake, hata kufika karne ya 20 watu wa Paris na wa kaskazini walikuwa hawautumii tena wakati wa neno moja katika mazungumzo. Mwaka 1909 mtaalamu wa lugha Antoine Meillet aliandika juu ya kutoweka kwake. Mwaka 1942 Albert Camus alichapisha kitabu chake L'Étranger, na hadithi ile karibu yote akaisimulia kwa wakati wa mazungumzo, jambo lililowashangaza wasomaji waliozoea hadithi kuandikwa kwa wakati wa vitabu. Hata hivyo wakati wa vitabu haukufa. Umo katika hadithi za watoto, umo katika historia, na wanafunzi hufundishwa. Ulipoanza kutumika mwaka 2016 mtaala mpya uliowataka watoto wa shule za msingi wajifunze nafsi ya tatu tu, yaani "yeye" na "wao", watu wazima walibishana vikali. Tazameni: walibishana juu ya umbo ambalo wao wenyewe hawalitumii mezani pao! Walijua ya kuwa mtoto asiyelijua umbo hilo atafungiwa vitabu vya babu zake.

Je, Kiswahili kiliwahi kupoteza umbo kama hilo? Naam, kiliwahi. Zamani Kiswahili kilikuwa na wakati uliopita unaofanywa kwa kubadilisha mwisho wa kitenzi, kama Kifaransa. Mwisho wenyewe ulikuwa -ile, nao uligeuka kidogo kwa kufuata kitenzi. Mahali pa "amelala" mtu aliweza kusema *alele*; mahali pa "amepata", *apete*. Washairi wa Pate na Lamu, nchi ambayo Utendi wa Tambuka uliandikwa mwaka 1728, waliutumia mwisho huu. Huko Barawa, katika nchi ya Somalia, wenyeji wasemao Chimwini wameendelea kuutumia katika maneno yao ya kila siku. Lakini Unguja ulikuwa umekwisha kutoka vinywani. Na mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule, -ile haikupata nafasi katika vitabu vyetu. Aliyesaidia sana kuyaandika maumbo ya lahaja za pwani alikuwa, kwa ajabu, Mfaransa: Padre Charles Sacleux, aliyekaa pwani yetu tangu mwaka 1879 hata 1898. Sarufi yake ya lahaja za Kiswahili ilitoka mwaka 1909, na kamusi yake kubwa ikatoka Paris katika miaka ya 1939 na 1941.

Tena liko jambo la kupendeza zaidi. Hiyo -me- tunayoisema mara mia kwa siku, "nimekuja", "amekula", ilitoka wapi? Wataalamu wameonyesha ya kuwa ilitokana na kitenzi cha kale *kumala*, maana yake kwisha au kumaliza, kilichotiwa mwisho ule ule wa -ile kikawa *-mele*, kisha kikafupishwa kuwa -me-. Basi wakati uliokufa umezikwa ndani ya ule uliourithi. Kama Wafaransa walivyochukua kitenzi cha "kuwa na kitu" wakafanyiza wakati mpya, sisi tulichukua kitenzi cha "kumaliza". Watu wawili wasiojuana, njia moja.

Na sasa tumefika tena bara. Huo mwisho uliopotea Unguja, bara haukupotea. Wanyakyusa wanao, Wasukuma wanao, Wayao wanao. Mbemba husema *bafikile*, yaani walifika zamani. Na Mzulu, mbali kabisa huko Afrika ya Kusini, husema *bafikile*, yaani wamefika. Neno moja, lenye viungo vile vile, limeshikwa na watu waliotengana kwa mwendo wa miezi mingi kwa miguu. Hakuna Akademia iliyolilinda. Lililindwa na mama waliosema na watoto wao.

Hapo ndipo palipo na hatari, na ndiyo sababu ya mazungumzo haya. Wakati wa vitabu wa Wafaransa ulipotoka kinywani, ulikuta nyumba ya kukaa, yaani vitabu. -ile ya Waswahili ilipotoka kinywani, ilikuta nyumba katika mashairi yaliyonakiliwa kwa mkono huko Lamu na Pate. Lakini lugha nyingi za kandokando ya Rukwa zina vitabu vichache mno. Sisi tufundishao walimu twawaona vijana wajao chuoni kutoka pande zote za nchi. Kiswahili chao ni kizuri, na twafurahi. Lakini tukimwuliza kijana aseme kwa lugha ya nyumbani "alifika asubuhi hii", kisha "alifika jana", kisha "alifika zamani", mara nyingine hutumia umbo moja kwa yote matatu, kisha hucheka kwa haya. Bibi yake angalitumia matatu. Umbo moja lililobaki kwa mjukuu si dogo kwa sababu kijana ni mjinga. Ni kwa kuwa hakuna aliyempa mengine mawili. Likitoka kinywani mwa bibi, halina karatasi ya kuliangukia.

Tulikumbuke jiwe la Ivuna. Si mbali sana nalo, katika Mkoa huo huo wa Songwe, liko jiwe jingine kubwa mno, Kimondo cha Mbozi, ambacho ni chuma, chenye uzani wa zaidi ya tani 10. Wageni huja kukitazama. Chuma kile kimestahimili mvua za miaka isiyohesabika, lakini habari ya siku kilipoanguka haikutufikia. Hakuna tarehe, wala hadithi ya aliyeona. Jiwe dogo la Ivuna lina tarehe yake, kwa sababu watu waliona, wakasema, na mtu akaandika. Tena mawe ya fungu lake yana udhaifu mmoja: yakiingia maji huvunjikavunjika yakawa tope. Desemba ni mwezi wa mvua. Kama lisingaliokotwa upesi, leo lisingalikuwako, na herufi ile I isingalikuwa na maana.

Basi twawapeni kazi, ninyi wanafunzi. Chukueni daftari. Mwendeeni mzee mmoja wa nyumbani, mwamkieni kwa adabu, kisha mwombeni awasimulie kwa lugha yake jambo lililotokea leo, na jambo lililotokea jana, na jambo la zamani za utoto wake. Msimsahihishe, wala msimharakishe. Andikeni vitenzi vyake kama avitamkavyo, mstari mmoja kwa kila kimoja, na kando yake andikeni Kiswahili. Kisha tazameni: ni nini kinachobadilika mwanzoni mwa neno, na ni nini kinachobadilika mwishoni? Mkiikuta -ile, au nduguye, mtakuwa mmeokota kitu ambacho Unguja walikipoteza. Mpelekeeni mwalimu wenu daftari hilo, alitunze pamoja na vitabu vya shule, mahali pasipovuja mvua.